Karatasi 120 za jaribio: muda unapotelea wapi?

SWALI: Nafundisha hisabati madarasa mawili, jumla wanafunzi 120. Kila jaribio lina maswali 20 ya kuchagua na 5 ya kuonyesha njia. Kusahihisha kunamaliza wikiendi yangu yote. Je, ipo programu ya kunipunguzia kazi?

JIBU: Ipo, Mwalimu, lakini itakufaa kwa yale 20 tu, na si hayo yanayokula muda wako mwingi.

Kwa maswali ya kuchagua, wape wanafunzi karatasi ya majibu yenye viduara vya kujaza. Programu ya simu kama ZipGrade huisoma kwa kamera na kutoa alama papo hapo. Kama huna simu inayofaa, chukua karatasi tupu ya majibu, toboa tundu kwenye kila jibu sahihi, ilaze juu ya kazi ya mwanafunzi uhesabu matundu yaliyotiwa wino. Lakini kabla ya kuilaza, pitisha macho ukate kila swali lililojazwa viduara viwili au zaidi. Tundu halikuonyeshi kingine isipokuwa jibu sahihi, kwa hiyo aliyejaza viduara vyote atazoa alama zote.

Sasa yale 5. Hapa kinachochelewesha ni kuamua: jibu hili nusu sahihi nilipe ngapi, na lile lililofanana nalo nililipa ngapi? Maamuzi hayo yafanye mara moja, kwenye mwongozo unaouandika siku unapotunga maswali. Chukua 3x + 7 = 22 kwa alama 3: moja kwa kufika 3x = 15, moja kwa kugawanya pande zote kwa 3, moja kwa jibu x = 5. Kuna atakayeandika 3x = 29, kisha x = 29/3. Hatua ya kwanza amekosa, ila kugawanya amegawanya sawasawa. Mimi humpa alama 1 ya njia. Wewe unaweza kuamua vingine, mradi uamue mapema na uandike.

Kisha usimalize karatasi ya mtu mmoja ndipo uende kwa mwingine. Sahihisha swali la 21 kwa wote, ndipo uanze la 22. Baada ya karatasi chache mwongozo unakuwa umeshakukaa kichwani, huufungui tena. Una majibu 600 ya kusoma. Ukiokoa sekunde 10 kwa kila moja, hizo ni dakika 100. Faida kubwa zaidi, kwangu, ni haki: aliyeng'ara swali la 21 habebwi na sifa yake kwenye la 22. Kunja sehemu yenye jina, na changanya upya rundo kila unapohamia swali jingine ili wale wale wasiangukie kila mara kwenye macho yaliyochoka.

Maelezo marefu pembeni yaache. Tumia herufi: I kwa kosa la ishara, H la hesabu, K la kusahau kipimo. Maana zake ziandike ubaoni siku ya kurudisha kazi, kila mmoja ajisahihishie.

Na kabla ya kushika kalamu nyekundu, jaribu mwongozo kwa penseli kwenye karatasi 5 au 6. Mara nyingi utakuta njia sahihi ambayo hukuifikiria, na ni nafuu kuiongeza sasa kuliko kurudia karatasi 80.