Wewe wa Baba Dogo, usitie sahihi Ijumaa

Nilikuwa nasoma swali lako vizuri tu, kiwanda kinafaidika vipi kikiweka teknolojia janja, mpaka nikafika pale unaposema Ijumaa unafunga mkataba wa miaka mitatu: sensa kwa mashine zote, malipo ya kila mwezi kwa dola, data inakaa kwa muuzaji. Wacha hiyo kalamu kwanza.

Paswadi ya PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha mashine, itabaki na nani? Nijibu hilo kabla hujauliza mambo ya faida.

Sisi tuko Lunga Lunga Road, tunatengeneza vifuniko vya chupa. Alikuja kijana wa mauzo na tableti, dashibodi ya hali ya mashine inawakawaka kama matatu ya Rongai. Mdosi akapenda. Mimi wa matengenezo nikaangalia bei, kurasa za nyuma nikaziruka (maandishi yalikuwa madogo, na mandazi yalikuwa mezani). Fundi wao akafungua paneli, akagusa programu ya PLC "ili isomeke vizuri", akaifunga kwa paswadi yake, akaenda zake.

Mwisho wa 2022 dola ilikuwa karibu shilingi 123. Januari 2024 ikapita 160. Dola za invoisi hazikubadilika, ni shilingi zetu zilizokwisha. Tukachelewa kulipa, dashibodi ikazimwa. Hiyo tungeivumilia. Kumbe rekodi zote, mitetemo ya mota, joto, saa ambazo mashine ilisimama, ziko kwenye seva yao ng'ambo. Ukiomba nakala unaambiwa lipa deni, kisha ulipe ada ya kuhamishiwa data. Data ya mashine yangu, iliyotumia stima yangu!

Halafu thamokapo (kipima joto) ya mashine moja ya injeksheni ikafa. Ya aina ya J haikuwa stoo, ya K ilikuwepo. Kuibadilisha ni kazi ya spana na dakika chache, kisha unaingia kwenye PLC unaiambia sasa inasoma K. Paswadi. Napiga simu, naambiwa "tiketi yako imepokelewa". Tiketi! Plastiki imeganda kwenye pipa la mashine, moldi imekaa, mteja wa maji ya chupa anapiga simu kila saa, na mimi nina tiketi kama naenda Kisumu. Mwishowe tulifuta kumbukumbu yote ya PLC, na fundi mmoja wa Kariobangi akaandika programu upya akifuata waya mmoja mmoja kwa mita. Hasara ya oda hiyo sitaitaja hapa, mdosi naye husoma huku.

Yule kijana siku hizi anahutubia makongamano ya mapinduzi ya nne ya viwanda. Atakuambia mashine yako haisomeki bila boksi lao. Mwambie Modbus, lugha ya mashine kupeana data, iko tangu 1979, iko wazi kwa kila mtu, na mita za stima, draivu za mota na vidhibiti joto vingi vinaizungumza.

Faida ziko, sikatai. Baadaye tulifunga mita zetu wenyewe, data ikiandikwa kwenye kompyuta iliyo ofisini. Jumapili usiku, kiwanda kitupu, tukaona kompresa inajaza hewa upya kila baada ya muda mfupi. Hewa inavuja. Wizara ya Nishati ya Marekani husema uvujaji unaweza kula asilimia 20 hadi 30 ya hewa ya kompresa. Soja wetu alikuwa akiisikia kila usiku, akadhani ndiyo kazi yake. Tena bili ya kiwanda haihesabu uniti peke yake, kuna kVA za kilele cha mwezi, yaani mzigo mkubwa zaidi wa stima uliovuta kwa wakati mmoja. Tulikuwa tunawasha hita zote Jumatatu asubuhi kwa pamoja. Sasa tunawasha kwa zamu.

Kwa hiyo iandikwe kwenye mkataba: paswadi na nakala ya programu ya kila PLC mkononi mwako siku ya kukabidhiwa, na data iandikwe kwanza ndani ya kiwanda chako, isomeke hata mwezi ambao hujalipa. Akikataa, mpe chai, msindikize getini.

Uliuliza pia mafunzo ya wafanyakazi na mkopo, wengine watakujibu. Wewe piga picha zile kurasa za nyuma, ficha majina, uziweke hapa leo tuzisome.