Kalsiamu kwa kuku wa mayai: nani apewe, na saa ngapi?

Swali: Asalaam aleikum daktari. Nafuga kuku wa mayai hapa Malindi. Tangu joto la kaskazi lizidi, naokota mayai ya ganda laini, mengine hayana ganda kabisa, na kuku mmoja amekufa yai limemkwama. Jirani kanishauri niwatilie kalsiamu kwenye maji kila siku, wakubwa kwa wadogo. Nifanye hivyo?

Jibu: Waaleikum salaam, mama. Wadogo usiwape, nakusihi. Kuku ambaye hajakaribia kutaga hutosheka na kalsiamu ya asilimia 1 hivi katika chakula chake. Ukimzidishia miezi kadhaa, figo huharibika. Ukimpasua aliyekufa kwa hali hiyo, unakuta figo zimevimba na unga mweupe umetanda juu ya moyo na ini.

Wanaotaga ni habari nyingine. Ganda moja lina kalsiamu kama gramu 2, na kwa kuwa kuku hafyonzi yote anayokula, anahitaji kama gramu 4 kwa siku. Ganda hujengwa kwa saa 20 hivi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika usiku, kuku amelala, hali kitu. Kalsiamu ya maji au ya unga laini hupita tumboni upesi, na ikiisha, kuku huichota kwenye mifupa yake mwenyewe. Ndiyo maana napendelea chenga za maganda ya chaza, za milimita 2 hadi 4. Hizo hukaa kwenye firigisi zikiyeyuka polepole mpaka alfajiri. Ziweke kwenye chombo chake, mbali na chakula, ukijaze alasiri. Kila kuku atadonoa kadiri anavyohitaji.

Maganda ya kuokota ufukweni yanafaa, ila yaoshe chumvi itoke, yaanike, ndipo uyaponde. Chokaa ya kuchoma, ile ya kujengea na kupaka kuta kule Lamu, usiwape kamwe: inaunguza koo na tumbo.

Hata hivyo, kwa joto hili kalsiamu pekee haitatosha. Kuku anayehema sana hupoteza hewa ya kaboni, nayo inahitajika kutengeneza ganda. Tena hula kidogo. Wape kivuli, banda lipitishe upepo, maji ya baridi mchana, na chakula alfajiri na jioni.

Yai hukwama kwa sababu misuli ya njia ya uzazi nayo hutegemea kalsiamu ili isukume. Lakini unene humkwamisha kuku pia, na hata kuanza kutaga akiwa bado mdogo. Ukimwona ameshusha mkia, anajikamua, anaingia kwenye kiota na kutoka bila yai, mtenge. Mkalishe kwenye maji ya uvuguvugu robo saa hivi, mpake mafuta ya kula kwenye tundu, kisha mwache mahali penye giza na utulivu. Usilivunje yai ndani: vigae hukata njia, na uchafu ukiingia humuua. Likiwa halijatoka baada ya saa chache, mwite daktari wa mifugo amdunge kalsiamu.

Na ukianza kuona mayai yamekunjamana, ute wake mwepesi kama maji, na kuku wanakoroma au kupiga chafya, fikiria ugonjwa wa virusi. Hapo peleka kuku mgonjwa, au aliyekufa siku hiyo hiyo, kwa ofisi ya mifugo achunguzwe, wala usinunue dawa yoyote kabla ya majibu.