Ukianza biashara, punguza muhali

Vijana mnaofungua hoteli ndogo Paje na Jambiani, au maduka Darajani, huniuliza sana kuhusu mtaji. Mimi nimekaa miaka mingi nikishika hesabu za biashara za watu, na nyingi nilizoziona zikianguka ziliangushwa na tabia ya mwenyewe. Kubwa kuliko zote ni muhali, yaani kuona haya kumkatalia mtu au kumwambia ukweli.

Wa mwanzo kuja ni jamaa. Mtoto wa ami anataka kazi ya mapokezi, khalati anataka vyakula vya harusi kwa mkopo. Sikufundishi ukavu wa macho. Kusaidia ni wajibu wetu. Lakini msaada utoke kwenye mshahara wako. Ndiyo, jilipe mshahara. Asiyejilipa huchota kwenye droo, na akishazoea kuchota hajui tena ipi faida na upi mtaji. Pesa nyingine humo hata si zake: VAT aliyolipa mgeni ni ya ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, na michango ya wafanyakazi ni ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii.

Julai na Agosti hakuna anayeliona hili. Vyumba vimejaa, mtu ananunua gari. Ikifika masika, Aprili na Mei, ufukwe mtupu, na mlinzi anataka mshahara wake vilevile. Tena kuna yasiyotarajiwa. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikosa umeme wa kutoka Bara, watu wakaendesha biashara kwa jenereta. Dizeli ile ilinunuliwa kwa akiba, aliyekuwa nayo.

Muhali huingia na kazini. Mpishi anachelewa, bosi ananyamaza miezi, halafu siku moja anamfokea mbele ya wageni. Mwambie siku ya kwanza, faragha, kwa sauti ya kawaida. Na jueni kuwa nao wanawaonea nyinyi muhali. Mhasibu anaona hasara, ukimuuliza "mambo vipi?" atakwambia alhamdulillahi. Muulize: leo tunadaiwa kiasi gani, na nani? Akikupa jibu chungu, mshukuru mbele ya wenzake, usimnunie. Nimewaona mabosi wenye akili sana ambao hakuna aliyethubutu kuwaambia kitu, wakaja kujua hali yao kwa barua ya benki. Inaniuma kila nikikumbuka.

Halafu ushirika wa ndugu na marafiki, ambao huanza kwa maneno matupu kwa sababu kuomba karatasi kunaonekana kama kutoaminiana. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, inatuamrisha kuandikiana deni. Vipi tuone haya kuandikiana mtaji? Mmoja akifariki, fungu lake ni mirathi, na warithi wakienda kwa kadhi wataulizwa marehemu alikuwa na nini. Nendeni kwa wakili mapema, muandike nani ameweka kiasi gani na nani anatia saini benki, kisha kila mmoja apeleke nakala nyumbani kwake na kuwaonyesha watu wake ilipo.