Vita vilikwisha 1945, yeye akaandikishwa 1946

Sanduku la barua limejaa wanajeshi wiki hii. Mtu amerusha tena ile picha ya Idi Amin na medali zake hadi kiunoni, na makundi ya WhatsApp kutoka Kondele hadi Malaba yamegeuka chuo cha historia. Nimeokota maswali tisa. Yale ambayo nimeyajibu mwaka jana na mwaka juzi, mtanisamehe nikiyakata.

Mwalimu, ni kweli Amin alipigana Burma? (Busia)

Hapana. Vita vya Pili vya Dunia vilikwisha 1945, naye akaandikishwa Keya (KAR, jeshi la Mwingereza huku kwetu) 1946, tena kama msaidizi wa mpishi. Ni hesabu ya darasa la kwanza. Tafadhali msinitumie tena swali hili.

Basi alikuwa mpishi tu? Wazee wa Gilgil wanasema walimwona na bunduki. (Nakuru)

Wazee hawajakosea. Mwaka 1947 alitolewa jikoni akaletwa Gilgil kuwa askari wa miguu, na miaka ya hamsini akawa anawasaka Mau Mau kwa niaba ya Mwingereza. Kwa hiyo rekodi ya kweli anayo, na kwangu inatisha kuliko ile ya kubuni. Mwaka 1962, akiwa tayari luteni, kikosi chake kilitumwa Turkana kuzima wizi wa mifugo, na baadaye ikagunduliwa kwamba raia waliteswa na kuuawa. Gavana wa Uganda, Walter Coutts, alitaka ushauri wa Milton Obote, aliyekuwa Waziri Mkuu. Obote akasema onyo kali latosha. Uhuru ulikuwa mlangoni na maofisa weusi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, nani angemfukuza mmoja wao?

Akaonywa. Januari 25, 1971, aliyeonywa akampindua aliyemwombea. Ninyi mnacheka cheo cha "Mshindi wa Himaya ya Uingereza" alichojivika. Mimi nafikiria lile faili la Turkana: lilikuwa mezani, wakubwa wakalisoma, wakalifunga.

Kisumu iliwahi kuwa Uganda? Basi Amin alikuwa na haki kudai huku kwetu? (Ahero)

Iliwahi. Mkoa wa Mashariki wa Uganda, pamoja na Kisumu na hata Naivasha, ulihamishiwa upande huu 1902. Amin alipolifufua jambo hilo Februari 1976 alikuwa anasoma ramani ya kweli kwa nia mbaya. Kwa hoja hiyo, karibu kila mpaka wa Afrika ungekuwa vita.

Kati ya marais wetu, nani alikuwa mwanajeshi? (Kericho)

Hakuna. Watano wote, kuanzia Mzee Kenyatta hadi Ruto, hawakuwahi kuwa wanajeshi. Mlimwona Uhuru Kenyatta amevaa kombati mkashangilia. Kifungu cha 131 cha Katiba kinamfanya Rais kuwa Amiri Jeshi Mkuu, ila amri hiyo alipewa na mpiga kura, si na kambi ya Lanet. Ningependa rais avae suti anapowaamuru wanajeshi, ili wote wawili wakumbuke nani raia.

Mbona Wamarekani wanagombana hadi leo kuhusu kisigino cha Trump? (Eldoret)

Kwa sababu karatasi zipo. Aliahirishiwa kwenda Vietnam mara tano, nne kwa masomo na moja kwa mfupa wa kisigino. Heri watu wanaogombania faili kuliko wanaogombania uvumi.

Si mwanajeshi mmoja angeshika nchi hata mwaka mmoja, aisafishe, kisha aondoke? (Kakamega)

Hili huja kila bei ya unga ikipanda, na mwandishi huwa kijana. Kijana wangu, Uganda ilijaribu. Asubuhi ile ya 1971 redio ya Kampala ilisoma sababu kumi na nane za kumwondoa Obote, nyingi zikiwa malalamiko ya haki kabisa: ufisadi, kodi, watu kuwekwa ndani bila kesi. Amin akasema yeye ni mwanajeshi, si mwanasiasa, na kwamba uchaguzi utafuata. Ilibidi jeshi la Tanzania liingie Kampala Aprili 1979 ndipo aondoke, na makadirio ya waliouawa hufika 300,000. Na hapa kwetu, Agosti 1, 1982, aliyetaka kutuokoa kwa mapinduzi, Hezekiah Ochuka, hakuwa hata koplo. Alinyongwa 1987. Waliouawa Nairobi zile siku chache, wengi walikuwa raia wasiojua kilichokuwa kikiendelea.

Rais anaweza kutangaza hali ya hatari na kuirefusha apendavyo? (Kisumu)

Hawezi. Someni kifungu cha 58: siku kumi na nne, basi. Kuongeza, lazima Bunge la Kitaifa lipige kura, theluthi mbili mara ya kwanza, robo tatu mara zinazofuata, na kila nyongeza isizidi miezi miwili. Waliotunga walikuwa na kumbukumbu. Kaskazini Mashariki iliishi chini ya sheria za hatari kwa miongo, na mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maofisa wasishtakiwe kwa waliyoyafanya huko tangu Desemba 1963 hadi Desemba 1967. Hebu fikiria: kwanza wanaua, kisha wanaandikiwa karatasi.

Lakini msilale kwa sababu ya kifungu cha 58. Serikali iliyoerevuka haitangazi hali ya hatari. Inatangaza *operesheni*. Neno hilo halina siku kumi na nne wala theluthi mbili. Kifungu cha 241 kinadai idhini ya Bunge kabla jeshi halijatumwa kutuliza ghasia, na taarifa kwa Bunge likitumwa kwa dharura. Juni 25, 2024, tangazo la wanajeshi kuingia barabarani lilitoka kwanza, Bunge likaidhinisha siku iliyofuata. Ndiyo maana namjibu huyu anayefuata kwa kirefu.

Kaka yangu alichukuliwa na wanajeshi 2008, hajarudi. Mtu anasema tumlipe atuandikishe fidia. (Cheptais)

Pole sana, dada. Kwanza: msimlipe. Tangu Uingereza iwalipe wazee 5,228 wa Mau Mau mwaka 2013, kila soko lina wakala wa fidia mwenye daftari na ada ya usajili.

Kwa wasioikumbuka: kundi la wanamgambo la SLDF, huko Mlima Elgon, lilikuwa limeua na kukata watu masikio tangu 2006 kwa ajili ya ardhi ya Chebyuk. Machi 2008 likaja jeshi na Operesheni Okoa Maisha. Wanaume walikusanywa kambi ya Kapkota kuchujwa, wengi wakatoka wakiwa wameteswa, wengine hawakutoka. Jeshi lilikanusha. Watu wa mlima walipigwa na pande zote mbili, na hali ya hatari haikutangazwa hata siku moja.

Kesi ilipelekwa Arusha, Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Mwaka 2012 kitengo cha rufani kikasema imechelewa, kwani mkataba unatoa miezi miwili tu. Mahakama Kuu yetu haina ukomo wa aina hiyo kwa kesi za Katiba, ila jaji atawauliza mlikuwa wapi, kwa hiyo tafuteni namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), barua ya chifu, picha, majina ya waliomwona mara ya mwisho. Uhuru Kenyatta aliomba radhi Bungeni 2015 na kutaja mfuko wa Sh10 bilioni. Msiupangie bajeti.

Na hili mkewe alifanye mapema: mtu asiyesikika kwa miaka saba, mahakama inaweza kumchukulia kuwa amefariki. Bila amri hiyo, shamba litabaki kwa jina la mtu asiyekuwepo, na wajomba wameshaanza kulipima kwa macho.

Babu ana medali yenye kichwa cha Malkia na upau ulioandikwa KENYA. Tunataka kuisoma mazishini kama ya kupigania uhuru. (Maseno)

Simamisheni mchapishaji. Upau huo walipewa waliomtumikia Malkia dhidi ya Mau Mau, kati ya 1952 na 1956. Geuzeni medali mtazame ukingoni: kuna namba, cheo na jina. Kama jina ni la babu, mwulizeni nyanya leo, kabla padri hajafika.