Mzigo Hupotea Mikononi

Kila mwaka tunapokea vijana wapya hapa bohari yetu ya Nakuru, diploma ya ugavi bado haijakunjwa. Siku ya kwanza wote huuliza habari za malori: yako mangapi, nani anayaona kwenye simu, safari ya Kisumu huchukua saa ngapi. Siwacheki, maana nami nilipoanza kama karani wa stoo kule Kisumu nilidhani kazi hii ni malori. Lakini lori likiwa mwendoni, mzigo umetulia. Shida huanza linaposimama, pale mtu mmoja anapouachilia mzigo na mwingine anapoupokea.

Nikupe kwanza aibu yangu mwenyewe. Ilikuwa jioni, mvua imeshaanza kunyesha, na lori la mafuta ya kupikia limefika likiwa limechelewa. Makuli wanataka kwenda nyumbani, dereva anataka kulala Kericho. Mzigo ulikuwa katoni 840 juu ya paleti 14, yale majukwaa ya kupangia mzigo, kila paleti tabaka sita, kila tabaka katoni kumi. Nikahesabu paleti, nikazidisha, hesabu ikakubali. Nikatia sahihi na muhuri. Siku mbili baadaye tulipofungua nailoni ya paleti ya tisa, tukakuta tabaka la juu limejaa vizuri lakini chini yake katikati ni shimo. Katoni zilipangwa pembeni tu kama ukuta wa kisima, mbili zikakosekana katika kila tabaka, tabaka tano. Paleti ya kumi na moja nayo hivyo hivyo. Katoni ishirini zimekwenda, na karatasi yenye sahihi yangu inasema zote zilifika.

Ziliibiwa wapi? Hakuna aliyejua, na ndiyo maana nililipa mimi, kwa miezi mitatu, kidogo kidogo kwenye mshahara. Ukishatia sahihi, mzigo ni wako, na upungufu wake pia ni wako. Tangu siku hiyo nafungua paleti mbili ninazozichagua mwenyewe, zile ambazo hakuna aliyenionyesha, na nahesabu tabaka kwa tabaka. Dereva akinuna, anune. Ukikuta upungufu, uandike palepale kwenye hati, kwa tarakimu na kwa maneno, dereva atie sahihi kando yake. Maneno ya "tutaongea na ofisi kesho" hayana nguvu yoyote mbele ya karatasi safi.

Karatasi ina kazi nyingine ambayo chuoni huenda hukuambiwa: ndiyo inayoleta pesa. Mteja mkubwa akisema analipa baada ya siku 60, huanza kuhesabu siku hizo hati iliyogongwa muhuri inapofika kwa wahasibu wake. Dereva akikaa nayo kwenye dashibodi wiki nzima, kampuni imemkopesha mteja wiki ya bure. Ankara nayo, tangu Januari 2024, isipotolewa kupitia eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato KRA, mnunuzi hawezi kuitumia kuonyesha gharama zake kwenye kodi, kwa hiyo ataikataa, na ana haki.

Sasa upakiaji. Lori linalotoka Nairobi kuja huku magharibi litapita mizani ya Gilgil. Wageni hukariri uzito wa jumla peke yake: lori la ekseli mbili, yaani mihimili miwili ya magurudumu, halizidi tani 18, trela la ekseli saba halizidi tani 56. Sawa, lakini mizani hupima kila ekseli pia. Ekseli ya mbele yenye magurudumu mawili ina mwisho wake, tani nane, na ile ya nyuma yenye magurudumu manne ni tani kumi. Mzigo wa kushushwa kwanza hupakiwa mwisho, karibu na mlango. Siku moja kituo chetu cha kwanza kilikuwa Nakuru, na oda ya Nakuru ilikuwa sabuni za miche na mafuta, vitu vizito, huku ya Kericho na Kisumu ikiwa tishu na biskuti. Umeshaona? Tishu mbele, sabuni nyuma. Jumla tani 16.9, tukafurahi. Ekseli ya nyuma ikasoma 10.9. Tulipoteza nusu ya siku pale, na Kisumu ikapokea biskuti zake kesho yake. Aliyekosea si dereva. Ni mimi niliyepanga oda kwa kufuata barabara bila kuangalia uzito. Siku hizi mchoro wa upakiaji huchorwa kabla lori halijaingia, na vitu vizito hukaa kati ya ekseli, hata kama itabidi vitu vichache vishushwe na kurudishwa njiani.

Kuhusu akiba ya stoo, kanuni ni fupi. Chukua mauzo ya siku, zidisha kwa siku ambazo oda huchukua kufika, ongeza akiba ya tahadhari. Muuzaji wa jumla wa soko la Kibuye, Kisumu, anayeuza katoni 20 kwa siku na kungoja siku tatu anahitaji angalau 60 siku anapoagiza. Hapo ndipo wengi huishia. Lakini mvua kubwa ikija na mto Nyando kumwagika Ahero, njiani kwenda Kisumu, siku tatu huwa tano, na mwenye katoni 60 atauza siku tatu kisha akae siku mbili akiwaambia wateja "bado iko njiani". Mteja wa Kibuye hangoji; jirani yake yuko hatua kumi. Kwa hiyo huyo aagize zikibaki 100. Usiulize oda huchukua siku ngapi kwa kawaida. Uliza ilichukua ngapi ilipochelewa zaidi mwaka jana.

Jambo jingine ni uvumi. Wacha maneno yaenee kwamba sukari itaadimika. Duka la mtaani linalouza mifuko kumi kwa wiki litaagiza kumi na tano. Muuzaji wa jumla akiona oda zote zimepanda, ataagiza thelathini badala ya ishirini. Msambazaji naye ataongeza zake, ajihami. Walaji hawajanywa hata kikombe kimoja cha chai zaidi! Wiki nne baadaye stoo zote zimejaa, hakuna anayeagiza, na kiwandani wanadhani soko limekufa. Wataalamu huita hali hii mjeledi: mkono unatikisika kidogo, ncha inaruka mbali. Kampuni ya Procter & Gamble iliiona kwenye nepi zake za Pampers. Watoto hutumia nepi kwa kiasi kile kile wiki baada ya wiki, ilhali oda zilikuwa zikipanda na kushuka kama mawimbi. Kwa hiyo ukienda kwa mteja, usimwulize anataka kuagiza nini. Mwombe akuonyeshe alichouza.

Ukifanya kazi na mazao, kuna mgogoro wa lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo. Kanuni za viazi za 2019 ziliweka mfuko wa kilo 50, lakini ukifika Molo au Mau Narok bado utakutana na magunia yenye shingo ya kamba. Sihubiri. Nasema tu kwamba gunia lisilo na uzito unaojulikana haliwezi kuhesabiwa kwenye lori wala kwenye ghala, na ugomvi wake utakupata wewe mpokeaji. Nunua kwa kilo.

Mtu akikuuliza kwa nini kontena lilibadilisha dunia baada ya 1956, mpeleke bandari ya Kisumu akaone MV Uhuru. Meli hiyo ya miaka ya 1960, iliyorudishwa kazini 2019, ina reli juu ya sitaha yake. Behewa linaingia na magurudumu yake, linavuka ziwa, linatoka likiwa limejaa vilevile. Hakuna kuli anayegusa gunia. Waliobuni hayo yote mawili walielewa kwamba kila mkono unaopungua ni hesabu moja isiyoweza kukosewa.

Mambo ya vyeti nitayapita haraka: ukitaka kufanya ununuzi kama taaluma hapa Kenya, sheria ya 2007 inakutaka ujisajili na KISM, taasisi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, basi lifanye mapema, usingoje tangazo la kazi.

Wiki yako ya kwanza, usiguse kompyuta. Chukua daftari, kaa langoni, uandike kila lori limefika saa ngapi, limeanza kushushwa saa ngapi, limemaliza saa ngapi. Nilifanya hivyo nilipohamia Nakuru, bila kumwambia mtu. Lori la kwanza lilifika saa moja na dakika kumi asubuhi. Likaanza kushushwa saa nne na dakika arobaini. Kushusha kwenyewe kulichukua saa moja na nusu hivi. Makuli walikuwepo tangu alfajiri, wamekaa juu ya paleti tupu wakicheza drafti. Nikauliza kinachongojewa ni nini. Muhuri wa kupokelea ulikuwa umefungiwa kwenye droo, na mwenye ufunguo huingia kazini saa nne.