Swichi ya Maziwa Iko Chumbani kwa Jirani

Swali: Mbukwa, Mwalimu. Mimi ni mfugaji wa Mpwayungu, umri wangu miaka 61. Maziwa freshi nakunywa kibuyu kizima alfajiri, naenda machungani wala tumbo halisemi neno. Mkwe wangu, kijana wa mjini lakini ana adabu, akinywa kikombe kimoja tu tumbo linaunguruma kama bodaboda inayopanda mlima. Amekwenda kuuliza, akaambiwa hana jeni ya maziwa. Sasa wajukuu zangu watazaliwa na nusu jeni? Na mimi ng'ombe nawafugia nani?

*Mfugaji, Mpwayungu*

Jibu: Mbukwa, mzee wangu, na shikamoo. Kwanza nakuomba usimcheke kijana. Mimi ni mtoto wa Mvumi, nimekulia zizini, na maziwa freshi hayanikubali. Marehemu baba yangu mdogo aliniita "Mgogo wa chai ya rangi" mpaka anaingia kaburini.

Aliyemwambia mkwe wako kwamba hana jeni amekosea. Anayo, tena nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, zote kwenye kromosomu (vifurushi vinavyobeba jeni ndani ya seli) namba 2. Ushahidi hauhitaji maabara: alinyonya, akanenepa. Mtoto mchanga huvunja sukari ya maziwa, laktosi, kwa kimeng'enya kiitwacho laktasi, na maelekezo ya kukitengeneza yamo ndani ya jeni hiyo. Kilichompata mkwe wako ni kwamba baada ya kuachishwa ziwa, jeni ilianza kuzimwa pole pole. Sukari isiyovunjwa inateremka hadi utumbo mpana, bakteria wanaishangilia, na bodaboda inawaka.

Ugonjwa huo si ugonjwa. Watu wazima wengi duniani wako hivyo. Wa ajabu ni wewe, mzee wangu, ambaye jeni yako imebaki imewaka miaka 61.

Sasa nani anawasha na kuzima? Hapa ndipo kazi yangu inaponinyima usingizi, kwa hiyo nivumilie.

Chukua seli moja ya mwili wako. Kiini chake kina upana wa takribani sehemu moja ya mia ya milimita. Ndani yake kuna kromosomu 46, na nyuzi zake zote za DNA, kemikali inayobeba maelekezo ya jeni, ukizinyoosha na kuziunganisha unapata mita 2. Tukikuza kiini hicho kiwe chungwa la soko la Majengo, uzi utakuwa na urefu wa kilomita 20, na bado utakuwa mwembamba kuliko unywele. Kilomita 20 ndani ya chungwa, na lazima kila sehemu ipatikane ikihitajika!

Seli haizisokomezi ovyo. Uzi unazungushwa kwenye vifundo vya protini ziitwazo histoni, nane nane kila kifundo, na kila kifundo kinazungushiwa herufi 147 za DNA (herufi ni vipande vyake vidogo, A, C, G na T), ambazo hazifikishi hata mizunguko miwili. Vitabu vingi vinasema "kama shanga kwenye uzi". Mimi mfano huo siupendi, na bibi aliyetunga shanga za kiunoni hataupenda pia: hapa uzi haupiti katikati ya shanga, unaizunguka kwa nje. Palipobanwa sana, mashine za seli za kusoma jeni hazipiti. Palipolegea, zinapita. Juu ya hayo, kuna pete za protini, kohesini, zinazovuta uzi na kuufanya kitanzi, zikivuta mpaka zikutane na kizuizi, protini iitwayo CTCF. Vitanzi hivyo ndivyo vinavyoamua nani awe jirani wa nani.

Ujirani huo ndio wenye kesi yako. Nilipokuwa nimepanga Chang'ombe, taa ya korido yetu swichi yake ilikuwa ndani ya chumba cha mpangaji mwenzangu, fundi cherehani. Alipoondoka na ufunguo, korido ililala giza. Taa nzima, balbu nzima, umeme upo. Jeni ya laktasi imejengwa na fundi wa aina hiyo hiyo: swichi yake imo ndani ya jeni nyingine kabisa, MCM6, iliyo jirani yake na isiyohusika na maziwa hata chembe. Umbali ni herufi kama 14,000. Kwenye chungwa letu ni sentimita 5 tu za ule uzi wa kilomita 20. Uzi ukijikunja, swichi na jeni vinakaribiana na kazi inaanza.

Mwaka 2007 kundi la watafiti likiongozwa na Sarah Tishkoff, mtaalamu wa jenetiki wa Marekani, lilichapisha matokeo ya kuwapima Watanzania, Wakenya na Wasudani 470. Vipimo vilifanyika huku huku kwetu pia, Wasandawe na Wahadzabe wakiwemo. Mtu alilala na njaa, asubuhi akanywa maji yenye gramu 50 za laktosi, kisha akatobolewa kidole mara kadhaa kuona kama sukari imepanda kwenye damu. Walikuta herufi moja kwenye hiyo swichi, herufi ya 14,010 kabla ya jeni kuanza, ambayo kwa wengi ni G na kwa wengine, hasa wafugaji wa Tanzania na Kenya, ni C. Walipoijaribu kwenye seli maabara, C iliwasha zaidi. Wazungu wa kaskazini wana herufi yao nyingine, karibu na hapo, iliyotokea kivyake. Yaani ng'ombe amefuatwa na mabadiliko angalau mara mbili, huku na kule, na yote ni ya miaka elfu kadhaa tu iliyopita.

Kuhusu wajukuu: hakuna nusu jeni. Nakala moja yenye swichi iliyowashwa kwa kawaida inatosha. Ikiwa binti yako amerithi kwako nakala hiyo, kila mjukuu ana angalau nafasi moja kati ya mbili ya kuwa mteja wako.

Na mkwe? Kunywa kwa kulazimisha hakutawasha swichi, ingawa bakteria wa tumbo huzoea kidogo. Mpe mgando, kwa kuwa bakteria wa mgando wamekwisha kula sehemu ya laktosi, au maziwa kidogo pamoja na ugali wa uwele na mlenda, si kikombe kikavu alfajiri. Ila mtoto mchanga akiharisha, hayo ni mengine: mpelekeni zahanati, msisubiri gazeti.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Paka wetu ana rangi tatu, nyeupe, nyeusi na chungwa. Mjomba anasema paka wa hivyo ni jike siku zote. Ni imani za kienyeji?

*Mwanafunzi wa kidato cha pili, Kizota*

Jibu: Marahaba. Mjomba wako yuko sawa, karibu mara zote. Jike ana kromosomu X mbili, na mapema sana tumboni kila seli hukunja moja na kuifungia, bila kuchagua. Mary Lyon wa Uingereza ndiye aliyelieleza hilo mwaka 1961. Rangi ya chungwa inakaa kwenye X: panapofungwa X isiyo na chungwa panatoka chungwa, panapofungwa ile yenye chungwa panatoka nyeusi. Nyeupe inatokana na jeni nyingine. Dume ana X moja, hana cha kuchagua, isipokuwa yule adimu aliyezaliwa na XXY, yaani X mbili pamoja na Y ya kiume. Mgeuze paka wenu umwangalie vizuri. Akiwa dume, niandikie upesi, nitapanda daladala nije Kizota siku hiyo hiyo.