Salio Lipo, Kadi Inakataa: Niliyojifunza Nikilipa Mtandaoni na Ugenini

Ilikuwa jioni ya siku ya pili ugenini. Nimesimama dirishani pa kukatia tiketi za treni, kadi ikakataa. Nikaiingiza tena, nikabonyeza namba ya siri polepole, tarakimu moja moja. Ikakataa tena. Kabla ya kusafiri nilikuwa nimehakikisha akaunti ina fedha za kunitosha wiki nzima, na watu kwenye foleni nyuma yangu walikuwa wameanza kuninyooshea shingo. Nililipa kwa noti chache nilizokuwa nazo, nikarudi hotelini roho juu juu, nikijua nimeibiwa.

Kumbe sikuwa nimeibiwa. Programu ya benki ilinionyesha salio la akaunti likiwa karibu vilevile, lakini chini yake, kwa maandishi madogo, kulikuwa na salio linaloweza kutumika. Hilo lilikuwa limebaki kiduchu. Hoteli ilikuwa imezuia gharama ya siku zote nilizopanga kulala, yaani fedha hizo zimefungwa nisizitumie ingawa bado hazijakatwa, ikaongeza na dhamana juu yake.

Hapo ndipo tofauti ya kadi ya debiti, kama yangu, inayokata moja kwa moja kwenye akaunti, na kadi ya mkopo inapouma. Mwenye kadi ya mkopo akizuiwa fedha, zinazozuiwa ni za benki. Yeye hupungukiwa tu na kiasi anachoruhusiwa kukopa. Sisi wenye akaunti ya kawaida tunafungiwa hela yetu wenyewe, ile ya kula na ya nauli. Hoteli hufanya hivyo, kampuni za kukodisha magari hufanya hivyo, na hata baadhi ya pampu za mafuta za kujihudumia huzuia kiasi cha kukisia kabla hujaanza kujaza. Kuachiwa nako si siku hiyo hiyo. Hoteli inaweza kukuambia imeshamalizana nawe, huku benki yako ikichukua siku kadhaa kufungua. Zangu zilikaa siku tisa.

Kwa hiyo sasa huwa nauliza mapokezi kabla sijatoa kadi: mnazuia kiasi gani, na mnaachia lini? Siku ya kuondoka nikilipa kwa kadi ile ile, nawaomba wakate kwenye fedha walizokwisha kuzuia, wasifungue malipo mapya. Wakifungua mapya, utakatwa huku zile za kwanza bado zimefungwa. Na kama unakodi gari, soma masharti ya dhamana kabla hujalipa mtandaoni. Kampuni nyingi hazipokei kadi ya debiti kwa dhamana, na unaweza kunyimwa ufunguo ilhali umeshalipia.

Turudi nyuma kidogo, kabla ya safari. Mhudumu wa benki aliwahi kuniambia, "Dada, kadi hii ni ya kutolea hela tu," nami nikaishi na neno hilo muda mrefu bila kulichunguza. Iangalie kadi yako. Ikiwa na alama ya Visa namba yake huanza na 4, na ya Mastercard huanza na 5 au 2. Kadi ya namna hiyo imo kwenye mtandao wa malipo wa kimataifa hata kama akaunti ni ya chini kabisa. Kinachobaki ni kama benki imeifungulia njia. Benki nyingi hufunga malipo ya mtandaoni na ya nje ya nchi mpaka mwenyewe uombe, au uwashe kwenye programu yao. Uliza pia kikomo cha matumizi kwa siku, maana kadi inaweza kukataa kwa sababu hiyo tu.

Kuna kadi za akaunti hizi ambazo lazima ziulize benki kwa kila malipo. Mashine ikiwa haina mawasiliano wakati huo, kama inavyotokea ndani ya ndege, kadi haitapita, na hapo hakuna la kufanya. Tembea na fedha taslimu kidogo.

Mtandaoni, kikwazo kikubwa kwangu kilikuwa simu. Unajaza namba za kadi, tarehe ya mwisho na zile tarakimu tatu za nyuma, kisha benki inatuma namba ya uthibitisho kwenye laini uliyoandikisha. Mimi nilikuwa nimeichomoa laini hiyo ili niweke ya ugenini. Muda wa tiketi ukaisha namba haijafika. Kabla ya kuondoka, hakikisha laini yako inaweza kupokea ujumbe ukiwa nje, au omba benki ihamishie uthibitisho kwenye programu yake. Namba hiyo ni ya kujaza wewe mwenyewe kwenye malipo uliyoyaanzisha. Anayekupigia simu akaiomba ni mwizi, hata akikutajia jina lako kamili. Anuani nayo iandike kama benki ilivyo nayo, kwa sababu wauzaji wengi wa Marekani na Uingereza huilinganisha.

Nimefungua akaunti ya pili kwa ajili ya malipo haya peke yake, na hili nakusihi ulifanye hata kama mengine utayaacha. Mshahara na akiba vinakaa kwenye ya kwanza, ambayo kadi yake haigusi intaneti kamwe. Ninapotaka kununua kitu nahamisha kiasi chake na ziada kidogo. Namba zikiibiwa, mwizi anakuta akaunti tupu. Hata zile huduma za "jaribu bure mwezi mmoja" hazipati cha kuchota ukisahau kuzisitisha. Kufuta programu kwenye simu hakusitishi malipo. Lazima uingie kwenye akaunti ya huduma na kujiondoa.

Sasa mashine ya ATM ya ugenini. Itakuuliza kama unataka ukatwe kwa fedha ya nchi ile au ya kwenu. Ya kwenu inavutia, kwa kuwa unaielewa na kiasi kimeshaandikwa hapo kwenye kioo. Usiichague. Ukiichagua, mwenye mashine ndiye anayepanga kiwango cha kubadilisha, na anaweka faida yake humo. Chagua fedha ya nchi uliyomo, hesabu ifanywe na mtandao wa kadi yako, yaani Visa au Mastercard. Kitufe cha kukataa ubadilishaji kinaweza kukutisha kana kwamba unafuta muamala wote, lakini fedha zitatoka. Madukani ni hivyo hivyo: muuzaji akikupa mashine, soma kioo kabla ya kubonyeza, maana wengine huwa wameshakuchagulia. Benki yako nayo inaweza kukata asilimia yake, mara nyingi kati ya 1 na 3. Ulizia mapema.

Ukirudi, pitia taarifa ya akaunti mstari kwa mstari. Kiasi cha mwisho kinaweza kutofautiana kidogo na ulichoona siku ya kulipa, kwa sababu kiwango cha kubadilisha fedha kinaweza kubadilika hadi malipo yakamilike. Lakini ukikuta umekatwa mara mbili, mwandikie muuzaji kwanza, kisha nenda benki na risiti na barua pepe zake mkononi. Visa na Mastercard huruhusu benki kupinga malipo ndani ya muda maalumu, ila benki yenyewe inaweza kukuwekea muda mfupi zaidi. Mimi nilikwenda wiki ile ile niliyorudi, nikaombwa picha ya risiti na tarehe ya malipo, basi.